Taa ya gereji isikuamulie umemaliza kazi

Ukiingia duka lolote la vifaa vya stima leo ukasema unatafuta taa kali ya gereji ya nyumbani, muuzaji atakuonyesha yenye kihisi mwendo kabla hujamaliza sentensi. Inawaka ukiingia, inazimika ukitoka, mikono iko huru na tokeni zinadumu. Nani atakataa?

Mimi nakataa nusu yake. Maoni yangu ni haya: kihisi ni mtumishi mzuri wa kuwasha taa, lakini ni mtumishi mbaya wa kuizima, hasa mahali ambapo mtu anafanya kazi kwa mikono. Chumba cha kupitia, kama choo, stoo au ngazi, kipe kihisi kifanye kazi yote. Chumba chenye meza ya kazi, drili na mashine ya kukatia vyuma ni habari nyingine kabisa.

Nazungumzia zile gereji zetu ambazo gari lenyewe limeshahamia nje. Ndani kuna meza, rafu za misumari, waya za kila rangi, redio iliyofunguliwa tangu Desemba na mradi wa mtu wa wikendi. Ni karakana, ila bado tunaiita gereji. Mwanga wake unastahili kufikiriwa kama mwanga wa karakana.

Kihisi hakioni mtu

Vihisi vingi vilivyo madukani ni vya aina ya PIR. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachopokea miale ya joto, yaani mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kipande hicho kimegawanywa sehemu mbili. Mbele yake kuna kile kifuniko cheupe cha plastiki chenye vijigamba. Hiyo ni lenzi ya Fresnel, jamaa wa zile lenzi za minara ya kuongozea meli. Ya kwanza iliwashwa katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Lenzi hiyo inakata chumba katika vipande vipande kama keki. Kitu chenye joto kikihama kutoka kipande kimoja hadi kingine, sehemu moja ya kipokezi hupata joto kabla ya nyingine, na hiyo tofauti ndiyo inayowasha taa.

Soma tena hapo. Kihisi hakijui kama kuna mtu. Kinajua tu kwamba joto limehama. Mtu aliyekaa kimya akilehemu saketi kwa solda, macho kwenye kazi, viwiko vimetulia mezani, kwa kihisi cha PIR hayupo. Na kuna mengine mawili ambayo boksi halitakuambia.

Kwanza, PIR huona vizuri mtu anayepita kukatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Ukikiweka juu ya meza kikikutazama usoni, umekiweka mahali pabaya zaidi.

Pili, kinategemea tofauti ya joto kati yako na vitu vilivyo nyuma yako. Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 33 au 34 hivi. Gereji ya mabati mchana wa Machi kule Mombasa inafika hapo bila shida. Ukuta na wewe mkiwa na joto moja, kihisi kinapungukiwa uwezo sana. Hakijaharibika, hakina cha kulinganisha.

Kwa hiyo kihisi hutumia mbinu ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua sana: muda ukipita bila dalili, chukulia mtu ameondoka. Ni ile ile ya tovuti inayokutoa ukiwa katikati ya kujaza fomu ndefu kwa sababu hujabofya kitu kwa dakika 10. Ulikuwepo, unasoma, unatafuta nambari ya PIN kwenye droo. Programu ilidhani ukimya ni kutokuwepo. Kwenye tovuti unaingia upya na kulaani kidogo. Kwenye gereji umeshika chuma kinachozunguka.

Hesabu ya makosa mawili

Kihisi kinaweza kukosea kwa njia mbili: kuacha taa ikiwaka wakati hakuna mtu, au kuzima wakati mtu yupo. Watengenezaji wengi wanapigana na kosa la kwanza. Hebu tupige hesabu tuone ni lipi ghali.

Tuseme taa zako zote za LED gerejini ni wati 60. Umezisahau kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa 8. Hiyo ni wati-saa 480, chini kidogo ya nusu yuniti. Kwa ajili ya hesabu, tuchukue yuniti kuwa shilingi 30. Umepoteza shilingi 14 na senti 40. Ukisahau kila wiki mwaka mzima, ni kama shilingi 750.

Kosa la pili sasa. Mashine ndogo ya kukatia vyuma, hii ya diski ya milimita 115 ambayo wengi tunaiita grenda, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski unakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Ukiachia swichi haisimami papo hapo. Inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa. Sasa zima taa wakati huo. Mtu gizani hufanya nini? Hupunga mkono ili kihisi kimwone! Yaani dawa ya taa yenyewe ni kumtaka mtu aliyeshika mashine gizani atoe mkono mmoja apunge hewani. Huo si usanifu.

Kati ya shilingi 750 kwa mwaka na kidole, sioni cha kujadili.

Haikuwa hivi zamani. Wakati taa ya nje ya halojeni ya wati 500 ilikuwa jambo la kawaida, kuisahau usiku mmoja kulikula yuniti 4. Hapo kihisi kilikuwa na hoja. LED imepunguza hiyo hasara hadi senti, lakini tabia ya kuzima haraka haraka imebaki kwenye vifaa kama msimbo wa zamani ambao hakuna anayekumbuka kwa nini uliandikwa.

Na si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Kanuni ya Marekani ya matumizi ya nishati katika majengo, ASHRAE 90.1, inayodai taa zizimike zenyewe karibu kila mahali, inasamehe sehemu ambazo kuzimika huko kungehatarisha usalama wa waliomo. Kama watu wa kubana nishati wamelikubali hilo, sisi tunabishana nini?

Kali ni kiasi gani?

Sasa tuje kwenye neno "kali". Boksi litakuambia wati. Wati ni kile unacholipa. Mwanga unaoupata hupimwa kwa lumeni. Taa mbili za wati 50 zinaweza kutofautiana sana, na nyingine hizo "wati 100" zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazitumii wati 100 hata kidogo. Tafuta lumeni kwenye boksi. Kama hazijaandikwa, rudisha boksi kwenye rafu. LED ya kawaida nzuri hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Tyubu ya LED ya futi 4, wati 18, ni lumeni 1,800 hivi.

Mwanga unaofika juu ya kitu hupimwa kwa luksi, na luksi 1 ni lumeni 1 kwa kila mita mraba. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka luksi 200 kwa kazi ya kuunganisha vitu vikubwa, 300 kwa kazi ya wastani, 500 kwa kazi ndogo ndogo na 750 kwa kazi ya usahihi mkubwa.

Chukua gereji ya gari moja, mita 3 kwa 6. Ni mita mraba 18. Unataka luksi 200 kila mahali, basi ni lumeni 3,600. Lakini si mwanga wote unafika chini. Kuta za mawe yasiyopakwa rangi na paa jeusi hula mwingi. Kadiria kwamba asilimia 60 tu ndiyo inayofika. Gawanya: 3,600 kwa 0.6 ni lumeni 6,000. Hizo ni tyubu tatu au nne za dari. Ukipaka kuta chokaa nyeupe, umejipa mwanga wa bure.

Halafu meza ipate taa yake. Tyubu mbili za futi 4, mita 1 hivi juu ya meza, mbele yako kidogo na si nyuma ya kichwa, zitakuvusha luksi 500 bila wasiwasi. Taa moja kali katikati ya dari haifanyi kazi hii hata ikiwa kali namna gani. Ukisimama mezani ukiwa umeipa mgongo, kivuli chako ndicho kinachokaa juu ya kazi. Tyubu nyingi za wastani ni bora kuliko taa moja ya kuumiza macho.

Angalia pia alama ya CRI, uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo, ambapo 100 ndiyo juu kabisa. LED nyingi za bei nafuu ni 80 au chini. Kwa meza ya kazi tafuta 90. Mtu yeyote aliyewahi kubishana na mwenzake kama mstari kwenye rezista ni wa kahawia, mwekundu au wa machungwa anajua ninachosema. Nyaya za gari ni hivyo hivyo.

Taa inayodanganya macho

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyowashwa, kwa video ya mwendo wa polepole kama simu yako inayo. Ukiona mistari myeusi inatembea au taa inapepesa, iache.

Sababu ni hii. Stima yetu ni ya hezi 50, na taa yenye saketi duni hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini mashine zinazozunguka zitakuonyesha. Chukua mashine ya kukereza mbao yenye kishikio cha taya 4, inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila taa inapong'aa, kishikio kimesogea robo ya mzunguko. Taya moja inakuwa imekaa mahali pa mwenzake. Unachoona ni kishikio kilichosimama! Ni tatizo linalojulikana tangu enzi za tyubu za florisenti viwandani, ambako mafundi waligawanya taa kwenye fezi tatu za stima ili zisififie pamoja. Nyumbani kwa kawaida tuna fezi moja, kwa hiyo suluhisho letu ni kununua taa yenye saketi nzuri.

Ningepanga hivi

Haya basi, tuweke pamoja. Gereji ya kazi inataka tabaka tatu za mwanga, na kila moja ina tabia yake.

1. Taa ya mlangoni. Balbu ya wati 9 au 12 yenye kihisi cha PIR, inawaka na kuzimika yenyewe. Hii ndiyo ya mikono iliyojaa mizigo na ya kutafuta spana usiku. Hapa kihisi kina haki zote. Kielekeze ili mtu anayeingia akatize mbele yake, na kisitazame mlango unaopigwa na jua.

2. Taa za dari. Kihisi kinaweza kuziwasha, lakini muda wa kusubiri uwe mrefu: dakika 15 hadi 30. Vihisi vingi vidogo haviwezi. Kile kidogo maarufu cha wapenda elektroniki, HC-SR501, kinaishia kama dakika 5. Ndiyo maana lazima kuwe na swichi ya kawaida iliyofungwa sambamba na kihisi. Swichi ikiwashwa, taa zinabaki zimewaka, kihisi kiseme kitakavyo. Swichi ikizimwa, kihisi kinarudi kazini. Ni swichi moja tu ya ziada na waya kidogo.

3. Taa ya meza. Swichi ya kawaida. Hakuna kihisi, hakuna programu, hakuna simu. Unaiwasha ukianza, unaizima ukimaliza. Ikiwezekana itoke kwenye swichi ya kinga tofauti na soketi za mashine, ili drili ikirusha kinga usibaki gizani nayo mkononi. Na kwa kuwa stima yenyewe hupotea bila kubisha hodi, weka karibu taa moja ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Hiyo ndiyo otomatiki ninayoipenda: inayowasha.

Kwenye kihisi utakuta vitufe vitatu vya kuzungusha. TIME ni muda wa kusubiri. Zungusha hadi mwisho. SENS ni umbali wa kuhisi. LUX ni kiwango cha giza kinachohitajika kabla taa kukubali kuwaka, na mara nyingi kina picha ya jua upande mmoja na mwezi upande wa pili. Kwa taa ya nje weka mwezi. Kwa gereji weka jua, maana gereji ikifungwa mlango mchana huwa na giza la kutosha kukuangusha, lakini si la kutosha kwa kihisi kilichowekwa mwezini.

Na rada je?

Najua kuna mtu tayari anasema: hayo ni ya PIR, siku hizi kuna rada. Kweli. Kuna aina mbili na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni ya maikrowevu, kwa kawaida gigahezi 5.8, ambayo mara nyingi huwa imefichwa ndani ya taa yenyewe. Haijali joto, kwa hiyo mabati ya Mombasa hayaisumbui. Lakini inapenya mbao na kioo. Mlango wako ukiwa wa mbao, kila anayepita nje atakuwashia taa. Nayo pia hutafuta mwendo. Ukitulia sana inakusahau.

Ya pili ni rada ya mawimbi ya milimita, kama kifaa kidogo cha LD2410 cha gigahezi 24. Hii ni hatua kubwa. Inaweza kuona kifua kikipanda na kushuka kwa kupumua, mita chache kutoka ilipo. Ukiifunga na ESP32 na programu huria kama ESPHome, unapata kihisi kinachojua tofauti ya "ametulia" na "ameondoka". Kwa taa za dari, hiki ndicho ningekichagua.

Lakini hata hapo, taa ya meza bado ningeiacha kwenye swichi ya kawaida. Rada ni programu, na programu hukwama. Na ukijenga mwenyewe, andika msimbo wako kwa kanuni moja: ukikosea, kosea upande wa kuwaka. Kifaa kikijiwasha upya, taa iwake. Kihisi kikinyamaza, taa iwake. Wi-Fi ikipotea, uamuzi ufanyike hapo hapo kwenye kifaa, usisubiri jibu la seva iliyo bara lingine. Taa inayohitaji intaneti ili imulike bisibisi ni mzaha.

La mwisho kabla hujamwita fundi

Vihisi vya waya mbili hupitisha umeme kidogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na LED huitikia kwa kuwaka hafifu au kupepesa usiku kucha. Nunua cha waya tatu, chenye laivu, nyutrali na waya wa kwenda kwenye taa. Shida ni kwamba nyumba nyingi za hapa zimefungwa kwa mtindo wa Uingereza, na kwenye boksi la swichi ukutani hukuti nyutrali. Kwa hiyo kihisi kikae darini, ambako nyutrali ipo, si mahali pa swichi. Mwambie fundi mapema, na awe fundi mwenye leseni ya EPRA. Kubadilisha balbu fanya mwenyewe. Kufungua boksi la volti 240 ni kazi ya mwenye leseni.

Na ukiwa dukani, mwombe muuzaji aunganishe hiyo taa ya kihisi. Weka TIME chini kabisa. Kisha simama chini yake, shika simu kwa mikono miwili kama unayesoma ujumbe, na usitikisike. Hesabu sekunde hadi ikuache gizani. Hapo utaamua mwenyewe kama hiyo ndiyo taa unayotaka juu ya kichwa chako ukiwa na msumeno mkononi.

Kama una mpangilio tofauti na unakufaa, niandikie. Hasa walio na mabati, maana vipimo vingi vya maboksi haya vimeandikwa na watu wasiojua mchana wa Machi.